Hewa nzito bandani: kwa nini kuziba banda hakuwakingi mifugo na baridi

Kila mwaka, baridi ya Juni na Julai inapoanza kushuka Makete, Njombe na Mufindi, katika nyanda za juu kusini mwa Tanzania, wafugaji wengi huanza kuziba mabanda. Nafasi kati ya mabanzi hujazwa viroba na magunia, madirisha ya banda la kuku hufunikwa kwa turubai hadi juu, na pale fundi alipoacha uwazi kati ya ukuta na bati huongezwa matofali mawili matatu. Nia ni njema, maana kuna asubuhi ambapo sakitu huonekana kwenye nyasi na hakuna anayependa kumwona ndama akitetemeka. Lakini haipiti muda mrefu kabla ndama hajaanza kukohoa na kuku kukoroma usiku, na mtaalamu wa mifugo anapoitwa huambiwa kwamba baridi imepenya. Mara nyingi kilichotokea ni kinyume chake: baridi ilizuiwa kweli, ila hewa chafu nayo ikafungiwa ndani pamoja na mifugo.

Wengi wakiingia katika banda lenye hewa nzito husema kwamba oksijeni imekwisha. Sivyo. Hewa ya kawaida ina oksijeni kwa takriban asilimia 21, na hata banda lililozibwa sana huwa na nyufa za kutosha kuzuia kiwango hicho kisishuke kwa kiasi kikubwa. Hewa ukaa, ambayo nje ni asilimia 0.04 hivi, huweza kupanda mara kadhaa ndani ya banda, na inashauriwa isizidi asilimia 0.3, lakini kupanda kwake huchukuliwa zaidi kuwa dalili ya hewa isiyobadilika kuliko sumu yenyewe. Wanaoleta madhara hasa ni unyevu, amonia, na vumbi lililobeba vimelea. Kati ya hao unyevu ndio wa kutazamwa kwanza, kwa sababu wengine wawili hustawi kwa kuutegemea.

Ng'ombe wa maziwa hutoa maji mengi ambayo mfugaji hayaoni. Ukiacha mkojo, kinyesi na maziwa, mnyama mmoja mkubwa hutoa kwa pumzi na ngozi zaidi ya lita 10 za maji kwa siku, yote yakiwa mvuke. Mvuke huo hupanda na hewa ya joto hadi kwenye bati. Usiku usio na mawingu bati hupoteza joto lake kuelekea angani hadi likawa baridi kuliko hata hewa ya nje, na mvuke ukiligusa hugeuka matone. Anayetaka kuliona jambo hili kwa macho aingie katika banda lililozibwa saa kumi na moja alfajiri na amulike tochi juu. Atakuta matone yamejipanga chini ya bati kufuata mistari ya papi, mbao za juu zimeota madoa meusi ya ukungu, na mgongo wa ng'ombe una manyoya yaliyoshikana kwa vishada kama vile mvua imemnyeshea ndani ya nyumba. Matandazo yaliyowekwa jana yakiwa makavu yatakuwa yameshalowa.

Hapo ndipo baridi inapomwingia mnyama. Manyoya makavu hushika hewa kati yake, na hewa hiyo ndiyo inayozuia joto la mwili lisitoroke. Yakilowa, kinga hiyo hupotea, na maji yanapokauka juu ya ngozi huchukua joto jingine tena. Ng'ombe mzima aliyeshiba, mwenye mgongo mkavu na mahali pakavu pa kulala, huvumilia usiku unaokaribia nyuzi sifuri bila madhara ya maana. Shamba la Kitulo, lililo juu ya mita 2,500 kutoka usawa wa bahari, linafuga ng'ombe wa Friesian, aina iliyozoea baridi tangu kwao. Kinachowashinda mifugo wakubwa ni unyevu ukichanganyika na baridi, na banda lililozibwa ni kiwanda cha unyevu. Ndama mchanga, kifaranga na mtoto wa nguruwe wana mahitaji tofauti, nami nitawarudia.

Mfugaji wa Tukuyu, wilayani Rungwe, anaweza kuuliza swali la haki kabisa: ikiwa nje ukungu umetanda tangu asubuhi, na Rungwe hupata mvua inayozidi milimita 2,000 kwa mwaka, hewa hiyo iliyojaa maji itakaushaje banda? Jibu ni kwamba uwezo wa hewa kubeba maji hufuata joto lake. Mita moja ya ujazo ya hewa yenye nyuzi joto 10 haiwezi kubeba zaidi ya gramu 9 na kidogo za mvuke. Hewa hiyo hiyo ikiingia bandani na kupashwa hadi nyuzi 16, uwezo wake hupanda na kufika gramu 13 na nusu hivi. Kwa hiyo hata ikiingia ikiwa imeshiba ukungu, kila mita ya ujazo huondoka na takriban gramu 4 za maji ambayo yangebaki ndani. Kinachoipasha joto ni mifugo wenyewe: ng'ombe mmoja wa maziwa hutoa joto la karibu wati 1,000, kiasi kinachokaribiana na pasi ya umeme iliyowashwa mchana na usiku. Joto hilo haligharimu shilingi, na matumizi yake bora ni kubebesha maji kwenye hewa na kuyatoa nje. Ukilifungia ndani, linaishia kwenye bati.

Hesabu ndogo itaonyesha ukubwa wa kazi yenyewe. Tuchukue banda la ng'ombe watatu lenye urefu wa mita 6, upana wa mita 4 na kimo cha wastani cha mita 2.5, yaani mita za ujazo 60. Tukikadiria kila ng'ombe lita 12 za mvuke kwa siku, wote watatu watatoa lita 36, sawa na gramu 1,500 kila saa. Ikiwa kila mita ya ujazo inaondoka na gramu 4, zinahitajika mita za ujazo 375 kwa saa, maana yake hewa yote ya banda inapaswa kubadilika kila baada ya dakika 10 hivi, usiku kucha, katika msimu wa baridi. Hakuna nyufa za bahati zinazoweza kufanya kazi hiyo. Zinahitajika njia zilizokusudiwa.

Amonia nayo ina historia yake. Mkojo wa ng'ombe au nguruwe una urea, ambayo peke yake haina harufu kali. Kinyesi kina kimeng'enya cha kuivunja urea hiyo, na mara viwili hivyo vinapokutana sakafuni, amonia huanza kutoka. Ndiyo sababu sakafu yenye mteremko mdogo, inayopeleka mkojo kwenye mfereji kabla haujakaa na kinyesi, hupunguza harufu kuliko kufagia mara moja kwa siku. Kwa kuku chanzo ni asidi ya yuriki iliyomo kwenye kinyesi chao, inayovunjwa na bakteria wanaopenda maranda yenye unyevu na joto. Wapo wanaomwaga chokaa juu ya maranda yaliyolowa wakitumaini kuua harufu. Chokaa huongeza ualkali, na ualkali huifanya amonia ichomoke kwa wingi zaidi. Chokaa ina kazi yake, ila ni wakati banda likiwa tupu.

Kisayansi amonia ni nyepesi kuliko hewa, na hilo huwapotosha watu wakadhani itapanda yenyewe na kutoka. Lakini inazalishwa sakafuni, na mahali hewa isipotembea hubaki nyingi zaidi pale pale chini, kwenye kimo cha kifaranga na cha ndama aliyelala. Mtu mzima aliyesimama mlangoni anavuta hewa ya kimo chake mwenyewe, na tena pua huzoea harufu hiyo upesi sana, kiasi kwamba anayehudumia banda kila siku ndiye shahidi asiyefaa kuliko wote. Kipimo rahisi ni kuchuchumaa hadi kichwa kiwe usawa wa mifugo mara tu baada ya kutoka kwenye hewa safi, na kukaa hapo kidogo. Macho yakianza kuwasha, kiwango kimeshafika au kupita sehemu 25 katika milioni, kikomo ambacho wafugaji wa kuku hushauriwa wasikivuke. Katika kiwango hicho vinyweleo vidogo vya koo la kuku, vinavyosukuma uchafu nje ya njia ya hewa, huanza kushindwa kazi, na mafua, kideri na bakteria wa kinyesi hupata njia iliyo wazi. Mfugaji atanunua dawa, kuku watapata nafuu kidogo, kisha ugonjwa utarudi, kwa sababu chanzo hakikuguswa.

Kuna mahali ambapo ile kauli yangu kwamba oksijeni haina shida inahitaji kurekebishwa, napo ni kwa kuku wa nyama wanaofugwa juu milimani. Mji wa Njombe uko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na kwenye kimo hicho kila pumzi ina oksijeni pungufu kwa takriban asilimia 20 ukilinganisha na pwani. Kuku wa kienyeji hatambui tofauti hiyo, lakini kuku wa nyama wa kisasa, anayekua upesi kupita uwezo wa moyo na mapafu yake, huitambua. Moyo husukuma damu kwa nguvu zaidi kwenda kwenye mapafu, upande wake wa kulia hupanuka, na hatimaye maji hujikusanya tumboni. Baridi huongeza mahitaji yake ya oksijeni, na amonia hudhoofisha mapafu yale yale yanayoitafuta. Mfugaji wa Njombe anayepoteza kuku wenye maji tumboni katika wiki ya nne au ya tano anapaswa kuchunguza hewa ya banda kabla hajamlaumu aliyemuuzia vifaranga.

Sasa hewa hutembeaje? Nguvu za asili ni mbili, joto na upepo. Hewa iliyopashwa na mifugo huwa nyepesi na hupanda. Ikikuta uwazi juu kabisa hutoka, na nafasi yake hujazwa na hewa baridi inayoingia kupitia uwazi wa chini kidogo. Mfumo huu hufanya kazi hata usiku ambapo jani halitikisiki, na unakuwa na nguvu kadiri tofauti ya joto kati ya ndani na nje inavyokuwa kubwa, na kadiri kimo kati ya pa kuingilia na pa kutokea kinavyokuwa kirefu. Kwa maneno mengine, usiku wa baridi kali ndio usiku ambao banda lililojengwa vizuri hupumua vizuri zaidi lenyewe. Mchana upepo huchukua zamu, na katika msimu wa kiangazi katika nyanda hizi upepo mwingi hutoka kusini mashariki.

Pa kutokea ni kileleni mwa paa. Kanuni inayotumika sana ni uwazi wa sentimita 5 kwa kila mita 3 za upana wa banda, ukifuata urefu wote wa paa. Banda la upana wa mita 6 litahitaji uwazi wa sentimita 10. Uwazi wa kuingizia hewa, unaoachwa chini ya upenu pande zote mbili ndefu, jumla yake iwe angalau sawa na ule wa juu. Kofia ya bati inayofunika kilele haiondolewi. Inainuliwa juu ya vipande vya mbao na kupanuliwa pembeni ili mvua isipige ndani. Rungwe, ambako mvua huja na upepo, matone machache yatapenya hata hivyo, na dawa yake ni kupanga njia ya kupita watu katikati, chini ya kilele, ili yasiangukie mnyama. Matone hayo ni machache kuliko yale yanayodondoka kutoka kwenye bati la banda lililozibwa. Kwa banda dogo la paa lenye mteremko mmoja, ambalo ndilo la wengi, upande ambao paa limeinuka zaidi ndio kilele: uachwe wazi juu, nao uelekee kusikotoka mvua. Hapa mafundi wengi hukosea, si kwa kutojua kazi, bali kwa sababu wamezoea kujenga nyumba za watu, ambamo uwazi kati ya ukuta na paa huhesabiwa kuwa kazi isiyomalizika.

Jambo linalochanganya watu kuliko yote ni tofauti kati ya hewa inayobadilika na upepo unaompiga mnyama. Zote mbili huitwa hewa kuingia, lakini moja huponya na nyingine huumiza. Hewa baridi inayoingia juu, kwa mfano mita mbili kutoka sakafuni, hukutana kwanza na hewa ya joto iliyoko chini ya paa, huchanganyika nayo, na humfikia mnyama ikiwa imepungua makali. Hewa ile ile ikipenya kwenye pengo lililo kwenye kimo cha mbavu za ndama aliyelala, humfikia ilivyo. Kwa hiyo mwenye mabanzi na viroba hakosei kuziba. Hukosea mahali pa kuziba. Msimu wa baridi ukuta uzibwe vizuri kutoka chini hadi juu kidogo ya kimo cha mgongo wa mnyama, na juu ya hapo ubaki wazi. Joto likirudi Oktoba na Novemba, sehemu ya chini nayo hufunguliwa.

Wanyakyusa wa zamani walilaza ng'ombe wao ndani ya nyumba za mianzi, na mwanzi uliopangwa wima huacha nafasi nyembamba nyingi zinazovunja upepo bila kuizuia hewa. Ukuta wa matofali ya kuchoma uliopigwa plasta hadi kwenye kenchi ni imara na unapendeza, lakini kwa kazi hii ni duni kuliko mwanzi, labda uwe umeachiwa matundu.

Mahali pa kujenga nako kuna uzito. Usiku hewa baridi, iliyo nzito, huteremka na kutuama mabondeni, hivyo banda lililojengwa chini kabisa ya kilima hupata baridi na ukungu kuliko lililo mita chache tu juu yake. Upande mrefu wa banda ukitazama kaskazini na kusini, jua la mchana halichomi ndani na upepo wa kusini mashariki hupita kwa mshazari. Safu ya milingoti au misindano hupunguza makali ya upepo, ila ikiwa jirani mno hulifunika banda lisipate upepo kabisa. Hali kadhalika nyumba ya familia au ghala la mahindi lililo hatua chache tu upande wa upepo. Kyela na Usangu ni habari nyingine: huko tatizo ni joto, na ukuta wa banda la ng'ombe hauhitajiki zaidi ya nguzo, paa refu na kivuli.

Vifaranga ndio mtihani mgumu zaidi. Siku ya kwanza huhitaji nyuzi joto 32 hadi 34, zikipungua takriban nyuzi 3 kila wiki, na usiku wa Julai Mafinga au Makambako hazipatikani bila moto. Moto huo kwa wengi ni jiko la mkaa, au chungu chenye mkaa, ndani ya chumba kilichofunikwa turubai pande zote. Mkaa unaoungua pasipo hewa ya kutosha hutoa kaboni monoksaidi, isiyo na harufu wala rangi, inayoshika damu kwa nguvu kuliko oksijeni. Vifaranga hulala usingizi wasiamke, na mtu anayelala humo akiwalinda yumo katika hatari ile ile. Suluhisho ni kutenganisha vitu viwili: joto liwe katika eneo dogo la kulelea, lenye kizingiti cha duara na kifuniko kilichoinuliwa juu yake, na chumba chenyewe kibaki na uwazi juu. Jiko liwashwe nje hadi moshi uishe na mkaa uwe mwekundu wote ndipo liingizwe, ingawa hata hapo kaboni monoksaidi huendelea kutoka, na uwazi wa juu haupaswi kufungwa. Kwa ndama na watoto wa nguruwe mantiki ni hiyo hiyo, yaani kona yenye matandazo mengi na kifuniko kilichoshushwa karibu nao, ndani ya banda lenye hewa, badala ya kuzibwa kwa banda zima.

Feni sitazisemea sana. Katika mabanda makubwa ya kuku yaliyofungwa ni za lazima, na zinadai jenereta ya akiba, kwa kuwa umeme ukikatika kuku huweza kufa kwa wingi ndani ya muda mfupi. Feni iliyoning'inizwa katikati ya banda lisilo na pa kutokea hewa huzungusha uchafu ule ule.

Onyo moja fupi linahusu mashimo ya samadi na mitambo ya bayogesi. Samadi iliyokaa bila hewa hutoa hidrojeni salfaidi, nzito kuliko hewa, yenye harufu ya yai viza ikiwa kidogo. Ikiwa nyingi huua uwezo wa kunusa kabla ya kuua mtu. Mtu akianguka ndani ya shimo la namna hiyo, anayeruka kumwokoa huanguka naye. Shimo lisiingiwe, na samadi inapokorogwa milango yote ya banda iwe wazi.

Kujua kama banda linapumua hakuhitaji vifaa. Shika maranda kiganjani na uyaminye: yakibaki donge unapofungua mkono yamelowa mno, yakishikana kidogo kisha yakaachana yako sawa, yakitawanyika kama unga ni makavu na yataleta vumbi. Utando mzito wa buibui kwenye pembe za juu unaonyesha mahali hewa haipiti. Na nyasi mbichi kidogo zikichomwa ndani ya kopo, moshi utakuonyesha hewa inakoelekea. Ukitanda chini ya paa na kushuka tena, hakuna pa kutokea. Mifugo watolewe kwanza, na moto uwekwe mbali na matandazo.

Mwenye banda lililokwisha kujengwa aanze juu. Kutoa safu moja ya matofali chini ya upenu na kuinua kofia ni kazi ya fundi mmoja isiyohitaji kubomoa ukuta. Baada ya hapo linabaki suala la turubai la banda la kuku, ambalo karibu kila mahali limefungwa kinyume. Hupigiliwa misumari juu na kukunjwa kutoka chini, hivyo mfugaji akitaka kuingiza hewa kidogo usiku hulazimika kuinua upande wa chini, na upepo huenda moja kwa moja kwenye migongo ya vifaranga. Akiwaonea huruma, hufunga lote. Lifungwe chini, kwenye ukuta mfupi, na upande wa juu uvutwe kwa kamba inayopita kwenye kapi au pete za waya. Likiteremshwa kidogo, uwazi hutokea juu, karibu na paa. Likiteremshwa lote, banda huwa wazi. Usiku wa baridi kamba ifungwe mahali ambapo turubai haliwezi kufika juu kabisa, uwazi wa upana wa kiganja ubaki, na fundo hilo lisifunguliwe hadi baridi ipite.